Nione Kwanza

Odio ilinifikia saa mbili usiku, nikiwa nje nasubiri maharage yaive. Ilikuwa ya dakika nne na kidogo. Mwanamume mmoja anayejiita daktari, bila kutaja jina lake wala hospitali yake, alisema kwa sauti ya upole kwamba sindano ya surua inayokuja kambini si dawa, ni mpango wa kupunguza wakimbizi. "Wamekata chakula, mkavumilia. Sasa wanakuja na njia nyingine." Akamaliza kwa kumwomba Mungu atulinde, na akaomba kila aliyesikia amtumie mwenzake.

Odio yenyewe haikuniuma sana. Nimesikia nyingi. Kilichoniuma ni aliyenitumia: kijana wa kikundi changu, fundi simu, mmoja wa wale nisiokuwa na wasiwasi nao. Na chini yake ameandika: "Kocha, hii ni kweli, sambaza."

Nikaanza kumjibu: "Na wewe umekuwa mjinga?" Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwishowe nikazima simu. Maharage yakaungua.

Ninafanya kazi na vijana hapa Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa, mwaka wa tatu sasa. Kazi yenyewe ni mpira, mijadala, maigizo, na kusaidiana na wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, kila kunapokuwa na kampeni. Tulikuwa sita. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipokatwa tukabaki wawili, na mipira miwili, mmoja hauna pumzi.

Katika miaka hiyo nimeambiwa kwamba klorini ya kwenye maji inaua uzazi. Nimeambiwa kwamba neti ndizo zinazoleta kunguni. Siku moja msichana alianguka kifafa karibu na bomba. Watu wapatao thelathini, kila mtu na dumu lake, wakasimama mbali, eti ukiguswa na povu lake na wewe unakipata. Kifafa hakiambukizi. Ni hitilafu ndani ya ubongo wa mtu mwenyewe, na povu ni mate tu. Nilimgeuza alale ubavu, nikaweka shati langu chini ya kichwa chake, nikasubiri mpaka akatulia. Siku mbili baada ya hapo kuna watu walikataa kunipa mkono.

Siku kama hizo nachoka. Narudi nyumbani najiuliza shule inasaidia nini, kama mtu mmoja asiye na jina, mwenye simu na sauti nzuri, anaweza kubomoa kwa dakika nne tulichojenga miezi sita.

Lakini kuna jambo ambalo vijana wangu hawalijui, na nimeamua kuliandika hapa kwa sababu kulisema kwa mdomo kunanishinda. Mimi mwenyewe nilikuwa mkataaji. Tena si wa kunong'ona. Nilikuwa wa kupiga kelele barabarani.

Ebola ilitangazwa kwetu Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma Beni. Ili unielewe, ndugu msomaji, lazima ujue tulikotoka. Tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wanachinjwa katika vijiji vya kuzunguka Beni, kwa mapanga na mashoka. Tulizika, tukaandamana, tukazika tena. Hatukuona dunia ikija. Halafu homa moja ikatokea Mangina, na baada ya wiki chache mji ukajaa magari meupe, hoteli zikajaa, na vijana wenye bahati wakapata kazi ya kulipwa dola.

Yaya wangu alisema tukiwa tunakula: "Batu banakufa na panga miaka ine, hakuna mutu alikuya. Leo juu ya homa njo banakuya bote? Kuna kitu."

Mama hakumjibu. Mimi nilikuwa na jibu tayari, nililolipata mtaani: "Ebola haiko. Iko biashara."

Desemba ikatumaliza kabisa. Uchaguzi wa rais ulikuwa tarehe 30 Desemba 2018. Siku nne kabla yake ikatangazwa kwamba Beni na Butembo tutapiga kura Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Yaani soko liko wazi, kanisa liko wazi, lakini sanduku la kura ndilo litakaloleta ugonjwa! Watu wa Beni wakajipangia uchaguzi wao wenyewe siku ile ile, wakapiga mstari na karatasi zao, ili dunia ione kwamba wapo. Januari rais akaapishwa. Zamu yetu ilipofika Machi, tulichagua wabunge tu. Hata leo, ukiniuliza kama tulikuwa na sababu ya kukasirika, nitakujibu ndiyo.

Kesho yake baada ya lile tangazo, vijana walitoka barabarani na mimi nilikuwamo. Kituo kimoja cha kupokea wagonjwa kikavamiwa, vitu vikaharibiwa, wagonjwa wakakimbia, wakatawanyika mjini. Nilirusha mawe mawili. Sikuona yalipoangukia. Mpaka leo kuna usiku nayafikiria yale mawe mawili.

Hasira yetu ilikuwa ya kweli. Lakini virusi havisomi magazeti. Havikujua kwamba tumenyimwa kura. Hilo ndilo jambo nililochelewa kulielewa: mtu anaweza kuwa na haki kabisa katika malalamiko yake, na wakati huo huo akawa amekosea kabisa kuhusu ugonjwa.

Julai 2019, Tantine, mdogo wa mama yangu, akashikwa na homa. Alikuwa anauza samaki wa chumvi sokoni. Tukasema ni malaria. Akaanza kutapika, tukasema ni tifoidi. Siku ya tatu Mama akasema labda tuwaite watu wa riposte. Mimi ndiye niliyekataa.

"Bakimubeba, hatarudia," nilisema.

Na niliona nina ushahidi. Jirani yetu mmoja alibebwa, akarudi ndani ya mfuko. Swali moja dogo sikujiuliza: alibebwa siku ya ngapi? Alikuwa amefichwa wiki nzima. Alipelekwa wakati hata kukaa hawezi. Sisi tuliona alivyotoka, hatukutaka kuhesabu alivyoingia.

Tantine alikufa nyumbani, alfajiri ya siku ya tano. Mwanawe wa miaka minane alikuwa amelala naye kitanda kimoja.

Aliyetuokoa hakuja na gari. Alikuwa dereva wa pikipiki wa mtaa wetu, aliyeugua akapona. Kwetu waliopona waliitwa vainqueurs, yaani washindi. Alikuja kwa miguu, akakaa juu ya tofali nje ya mlango, akasalimia, akanyamaza kwa muda. Hakutuambia mnatakiwa hivi, mnatakiwa vile. Alisema:

"Na miye nilikataa. Bibi yangu nilimubeba na pikipiki, nikamuficha kwa shemeji. Alikufa. Miye nilienda siku ya pili ya homa, njo muko munaniona hapa. Huyu mutoto akienda leo, iko na bahati. Akingoja, ile bahati inapunguka kila siku."

Akasema atamsindikiza, na kwamba kule ndani waliopona kama yeye ndio wanaokaa karibu na watoto. Mama akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. Safari hii sikufungua mdomo.

Mtoto alipelekwa, akatibiwa, akapona. Leo ana miaka kumi na minne na anachelewa kurudi nyumbani kama watoto wengine wote.

Jina langu likaandikwa kwenye orodha ya waliomgusa mgonjwa. Nikachanjwa. Kwa siku 21, kila asubuhi, mtu alikuja kunipima joto, kwa kuwa ndani ya siku hizo ndipo Ebola hujitokeza kama imeingia mwilini. Sijawahi kuhesabu kitu kama nilivyohesabu zile siku. Kila nikitoka jasho niliona ndiyo yenyewe. Siku ya 22 nililala mchana kutwa.

Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Tantine yumo katika hesabu hiyo. Waliochanjwa walikuwa zaidi ya 300,000, na mimi nimo katika hiyo nyingine.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo lingenisaidia sana kama ningelisikia mapema. Miaka yote nilidhani haya mambo ya Ebola ni ya wazungu, sisi ni wa kuchomwa tu. Kumbe mwaka 1976, ugonjwa ulipojulikana kwa mara ya kwanza kule Yambuku, mmoja wa madaktari wa kwanza kufika alikuwa Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, akanusurika. Na katika majaribio ya dawa yaliyofanyika kwetu, Beni, Butembo na Mangina, dawa mbili zilifanya vizuri kuliko nyingine. Moja yao, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Mwili wake ulikuwa umejifunza kupigana na ule ugonjwa, na watafiti wakaenda kujifunza kutoka kwenye damu yake.

Fikiria kama mwaka 2018 mtu angetukalisha chini akatuambia hivyo. Tuliambiwa nawa mikono, usiguse maiti, piga namba hii. Yote ni sahihi. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba sisi wenyewe tumo ndani ya hiyo sayansi, kwamba damu yetu imo.

Tulivuka kuja Uganda mwisho wa mwaka 2019, baada ya mauaji ya Novemba, tukapitia Kasindi na Mpondwe. Mpakani kulikuwa na maji ya klorini na watu wa kupima joto. Kwenye mstari watu walilalamika kwamba wanacheleweshwa. Mimi nilinawa mara mbili. Nikaanza masomo upya kwa Kiingereza, nikakaa darasani na watoto wadogo kwangu, nikamaliza Senior Four.

Sasa turudi kwenye surua.

Ile odio ilikuja wakati surua imeshaonekana katika zoni ya jirani. Nami nilikuwa nimepangiwa nyumba arobaini za kupita na VHT wetu, mama mmoja mtulivu ambaye miguu yake inamuuma lakini hakosi hata siku moja. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Mama Mapacha. Ametoka Ituri. Ana msichana wa miaka mitano, na mapacha wa miezi kumi na moja, wavulana wawili ambao mpaka sasa siwezi kuwatofautisha.

Nilianza na hotuba yangu. Kwamba surua inaambukiza kuliko karibu magonjwa yote, mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Kwamba chanjo yake ipo tangu mwaka 1963. Kwamba Congo yetu, kuanzia mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya waliouawa na Ebola yote ile, na hakukuwa na misururu ya magari meupe.

Akanisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Halafu akasema:

"Kijana wangu, mi sikatae dawa. Ninauliza tu. Mwezi ulipita balisema hakuna franga ya chakula. Leo franga ya sindano imetoka wapi?"

Nikasimama pale na makaratasi yangu. Lilikuwa swali la yaya wangu, lile lile la Beni, limevuka mpaka na sisi. Watu wanaokuona unalala na njaa hawaji, halafu wanakuja mbio na sindano. Mtu mwenye akili lazima aulize.

Akaendelea: "Na huyu mukubwa, alipopigwa sindano ingine, muguu ulivimba. Nikamubeba kwenda. Baliniambia nirudie siku ya kwanza. Siku ya kwanza hakukuwa mutu."

Zamani ningemjibu palepale, chochote, ili nisionekane sijui. Safari hii nilimwambia: "Mama, la pesa sijui. Nitauliza, nitarudi. La mguu, pole sana, walikukosea."

VHT akaniangalia kwa jicho la kushangaa. Tukaondoka bila kuandika jina.

Siku iliyofuata nilimuuliza muuguzi mmoja, akanieleza vizuri. Nikarudi kwa Mama Mapacha: pesa ya chanjo inatoka kwa wafadhili wa chanjo, kama Gavi, na Unicef ndiyo inayonunua. Chakula ni WFP, na bajeti yake ni nyingine. Ni mifuko miwili. Mmoja ukitoboka, mwingine hauruhusiwi kuuziba.

Akafikiri kidogo, akacheka. "Basi bangetoboa ule mwingine."

Tukacheka wote. Sikuwa na la kumpinga. Nikamwambia jambo moja zaidi ambalo huwa tunaogopa kulisema kwenye kampeni: "Ukiwapeleka, siku ile ile mkono unaweza kuuma kidogo. Halafu kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, mtoto anaweza kupata joto, labda na vipele vidogo. Si kila mtoto, lakini wapo. Likitokea, nipigie, hata usiku. Nitakuja na VHT." Nikaandika namba yangu kwa makaa kwenye ukuta wake wa udongo.

"Nitaona," akasema.

Jumamosi nikaenda kwenye kikundi. Fundi simu alikuwa amekaa mbele, anaona nimemkasirikia kwa sababu sikujibu odio yake. Sikumtaja. Nikauliza tu wote: "Mteja akileta simu imezima, akasema imerogwa, fundi anafanya nini?"

Wakacheka. Fundi mwenyewe akajibu: "Namuuliza imeanguka wapi. Imeingia maji? Halafu nacheki betri. Betri ikiwa nzima, nacheki sistimu ya chaji. Moja moja, mpaka nijue."

"Na mteja akikwambia hapana, usifungue, amini tu imerogwa?"

"Namrudishia simu yake."

Ndipo nikacheza ile odio mbele ya wote. Nikawaambia tuifanyie kama simu: imeanguka wapi? Nani anaongea? Yuko nchi gani? Anasema watoto wamekufa, wangapi, kijiji gani, lini? Amejuaje? Tuliandika maswali saba ubaoni. Odio haikujibu hata moja. Msichana mmoja akasema hata neno Kyaka hajalitaja, inaweza kuwa imetumwa kila kambi. Fundi akawa kimya, anakwangua meza kwa kucha.

Sikumshinda siku ile, na sitaki uandike kwamba nilimshinda. Aliponisindikiza nje alisema: "Kocha, lakini hata wao wanatudanganyaga." Nikamwambia ni kweli, wakati mwingine. Ndiyo maana maswali yale saba ni ya kila mtu: ya odio, ya shirika, na yangu pia. Kuuliza si dhambi. Hata watafiti kazi yao ni kutoamini haraka. Shida inaanza pale mtu anapouliza bila nia ya kusikia jibu, kama nilivyokuwa mimi Beni. Kama ungeniuliza mwaka 2018 nioneshwe nini ndipo niamini kwamba Ebola ipo, ningekujibu hakuna. Na mtu asiyeweza kuoneshwa chochote, huyo hayuko tena kwenye kuuliza.

Siku ya chanjo nilikuwa napanga mstari chini ya mti. Saa nne hivi nikamwona Mama Mapacha anakuja. Mgongoni ana mtoto mmoja. Msichana na pacha wa pili hawapo.

"Mwingine yuko wapi?"

"Nyumbani. Nione kwanza."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Surua iko zoni ya jirani, haisubiri mtu aone kwanza. Lakini pia nilimwelewa: amechukua mmoja, amebakisha mmoja, atalinganisha. Mtafiti naye hulinganisha, ila hajaribu kwa kumwacha mtoto wa mtu kwenye hatari wakati jibu lilishapatikana miaka mingi. Nikamwambia hivyo, kwa upole kadiri nilivyoweza. Akatikisa kichwa. Pacha wa kwanza akachomwa, akalia, akanyonya, akanyamaza.

Haikupita nusu saa. Kwenye njia nikaona bibi yao, mama mkwe wake, anakuja kwa mwendo wa hasira, pacha wa pili mgongoni na msichana anamshika mkono. Alipita mstari wote bila kumsalimia mtu.

"Nani alikufundisha kugawa mapacha?" alimuuliza mkwewe mbele yetu. "Mapacha habagawanywi. Ukimupa moya unamupa na mwenzake. Unataka moya aone wivu, amufuate nani?" Halafu akamgeukia muuguzi: "Na surua miye niliiona. Nilizika batatu. Kwetu tulikuwa hatuhesabu mutoto mbele surua haiyapita. Choma."

Pacha wa pili akachomwa. Msichana naye akachomwa. Sisi tuliosoma tulikuwa tumepita mara mbili na makaratasi na tarakimu, na kazi ikamalizwa na bibi asiyejua kusoma, kwa mila ya mapacha na makaburi matatu aliyoyakumbuka. Tangu siku ile nimepunguza kusema kwamba mila ndiyo adui wetu.

Siku ya tisa simu yangu ililia saa kumi na moja alfajiri. Pacha mmoja alikuwa anachemka. Nilivaa viatu gizani, nikapita kumwamsha VHT, tukaenda na tochi ya simu. VHT alimpima malaria, hakuna. Akampa dawa ya kushusha joto, akamwambia mama amnyonyeshe mara kwa mara, na kama atalegea au kupumua kwa shida tumkimbize kituoni bila kungoja. Tukakaa pale mpaka jua likatoka. Joto likaanza kushuka.

Mama Mapacha alikuwa anaangalia ukuta, pale nilipoandika namba.

"Ulisema siku ya saba mpaka ya kumi na mbili," alisema. "Leo ya tisa."

"Ndiyo, mama."

"Na ulisema utakuya."

Hakuongeza neno. Akaenda kuwasha moto, akatupa chai ya rangi bila sukari, kwa kuwa sukari haikuwepo.

Kwa ninyi mnaokuja na magari, naomba hili msilichukue vibaya. Mnatuuliza kila mara kwa nini watu wetu hawaamini, na mnaleta mabango mengi zaidi. Mama yule hakukosa bango. Alikosa mtu wa kumfungulia mlango siku ya kwanza, mguu wa mtoto ulipovimba. Kila mara mtu akiambiwa rudi Jumatatu na Jumatatu hakuna mtu, kesho yake odio inapata msikilizaji mpya.

Na kwa vijana wenzangu: najua tumechoka. Chakula kimepungua, kazi hakuna, kule nyumbani vita bado. Ukiniuliza natoa wapi moyo, sina jibu kubwa. Nina jibu la dereva wa pikipiki aliyekaa juu ya tofali na kusema "na miye nilikataa". Yeye alikuwa amefiwa na mke. Angeweza kututukana, na tulistahili. Alikuja kwa miguu, akasubiri, akasema alichokiona. Mtoto mmoja akapona. Nikikata tamaa na watu wanaokataa, nitakuwa nimesema kwamba naye asingekuja kwetu.

Wiki iliyopita fundi simu amenitumia odio nyingine, mpya, ya mwanamke safari hii. Nikaifungua moyo ukinidunda. Chini yake ameandika: "Kocha, huyu nimemuuliza imeanguka wapi. Hajibu."